Goti la Kukalia Mkeka

Mgeni rasmi, walimu wangu, madaktari na wauguzi, wanafunzi, na ninyi wagonjwa wetu mlioacha shughuli zenu asubuhi hii kuja kukaa nasi hapa Tanga, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Leo ni tarehe 8 Septemba, Siku ya Fiziotherapia Duniani, yaani tiba ya viungo na misuli. Imekuwa ikiadhimishwa tangu 1996, na tarehe hii ilichaguliwa kwa sababu chama chetu cha kimataifa kilizaliwa 8 Septemba 1951. Nimepewa nusu saa nieleze ninachotafiti, yaani jinsi nyonga na goti vinavyorudi kazini baada ya kuumia. Naomba nianzie msibani.

Kuna mama mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyeanguka na bodaboda akavunjika mfupa wa paja. Alipasuliwa, akawekewa chuma, mfupa ukaunga vizuri. Miezi minane baadaye nilikuwa napitia mafaili kwa ajili ya utafiti, nikakuta karatasi yake ya mwisho ya kliniki imeandikwa: "Goti linakunja nyuzi 90. Anaendelea vizuri. Aruhusiwe." Nikamfuata nyumbani na fomu yangu ya maswali. Unatembea? Natembea. Ngazi je? Napanda, taratibu. Maumivu? Kidogo, hasa kukiwa na baridi. Nilikuwa nafunga daftari niondoke, binti yake aliyekuwa uani anakuna nazi akasema, "Dada, muulize mara ya mwisho amekwenda msibani lini."

Mama akanyamaza. Kisha akanieleza, na sauti yake haikuwa ile aliyonijibia maswali ya fomu. Tangu aumie amekanyaga msibani mara moja tu. Mnajua misiba yetu: wanawake tunaketi chini, kwenye mikeka na majamvi, tumebanana bega kwa bega. Yeye hawezi kushuka mpaka chini, na akisaidiwa kushuka hainuki mpaka watu wawili wamshike makwapa. Siku hiyo alipelekewa kiti. Akajiona amekaa juu ya mama zake waliomlea, akaona aibu, akaondoka kabla ya maiti kutoka. Hakurudi tena kwenye msiba wa mtu yeyote. Mtaani wakaanza kusema ana maringo siku hizi, hazikani na watu. Yeye akawa analala anawaza, siku yake ikifika nani atakuja.

Mimi nilikuwa na fomu ya kurasa nne mkononi. Hakuna swali hata moja lililomfikia mama yule. Lililomfikia lilitoka kwa binti mwenye mbuzi ya nazi.

Jambo hilo limenitawala tangu siku ile, na ndilo nililokuja kulisema: goti lipimwe kwa kazi linayorudi kuifanya, na matibabu yasiitwe yamekwisha mpaka kazi hiyo imewezekana.

Msinielewe vibaya kuhusu fomu. Dodoso moja maarufu la goti, KOOS, lilitengenezwa na Ewa Roos na wenzake na kuchapishwa mwaka 1998. Lina maswali 42, limejaribiwa katika lugha nyingi, nami nalitumia na kuliheshimu. Lakini lisome polepole. Katika sehemu ya maisha ya kila siku linauliza kuhusu kuvaa soksi, kuingia na kutoka kwenye gari, kuingia na kutoka kwenye beseni la kuogea. Kuchuchumaa na kupiga magoti yamo pia, ila yamewekwa katika sehemu ya michezo na burudani, pamoja na kukimbia na kuruka. Huko lilikotungwa, huo ndio ukweli wa maisha: mtu mzima anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuchuchumaa asipotaka. Huku kwetu mtu anachuchumaa alfajiri kabla hajanawa uso, chooni. Anachuchumaa penye mafiga akipuliza moto. Anainama shambani. Anayeswali anasujudu na kukaa tahiyatu katika swala tano kwa siku, hapo sijahesabu sunna. Haya ndiyo maisha ya kila siku yenyewe. Tukilichukua dodoso kama lilivyo, mtu anaweza kupata alama nzuri katika maisha ya kila siku na huku maisha yake ya kila siku yamesimama.

Twende kwenye nyuzi, yaani kipimo cha pembe ya goti likikunja, kwa sababu wanafunzi hapa watataka namba. Kutembea kwenye ardhi tambarare goti linahitaji kukunja karibu nyuzi 65. Kupanda ngazi na kuinuka kitini linahitaji kiasi cha 90 hadi 100. Kuchuchumaa hadi chini kabisa, au kukaa juu ya visigino, linahitaji zaidi ya 130. Sasa rudini kwenye karatasi ya yule mama: nyuzi 90. Aliyeiandika hakukosea kupima. Goti hilo linamtosha mtu wa kiti, meza na choo cha kukaa. Lilikuwa limepungukiwa nyuzi 40 kufika kwenye mkeka, na hakuna aliyemuuliza anakaa wapi.

Kuna watu waliolitazama jambo hili kwa macho sahihi, na kazi yao imepimwa nchini mwetu. Daktari wa mifupa Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha mwaka 1999, katika mji wa Richland jimboni Washington, shirika la SIGN linalotoa vyuma vya kuunga mifupa mirefu kwa hospitali za nchi zisizo na uwezo mkubwa, vyuma vinavyowekwa bila ile mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Madaktari wanaovitumia huombwa kurudisha taarifa, na pamoja na eksirei hutuma picha ya mgonjwa amechuchumaa anatabasamu. Kipimo hicho, kuchuchumaa na kutabasamu, kilifanyiwa utafiti Dar es Salaam kwa wagonjwa waliovunjika mfupa wa paja, na matokeo yakachapishwa 2019 katika jarida la Marekani la upasuaji wa mifupa. Kinaangalia mtu ameshuka kiasi gani, ameshika kitu au hakushika, na uso wake unasemaje. Hakihitaji umeme wala filamu, simu ya mkononi inatosha. Mgonjwa wa Handeni asiye na nauli ya kurudi kliniki anaweza kupigwa picha na mwanawe ikafika kwa daktari jioni ileile. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Swali linalofuata ni gumu zaidi. Kwa nini goti halirudi lenyewe, mfupa ukishaunga?

Wengi wetu tunadhani msuli wa mbele wa paja unalegea kwa sababu mgonjwa ni mvivu au anaogopa. Uoga upo, ila si ndio mwanzo wake. Goti likivimba, mfumo wa fahamu unauzima msuli huo. Watafiti walilithibitisha hili zamani kwa kuwatilia watu wenye magoti mazima maji ya chumvi ndani ya kiungo. Maji ya kujaa vijiko viwili vya chakula hivi yalitosha kupunguza nguvu ya sehemu ya ndani ya msuli huo. Hakuna kidonda, hakuna maumivu ya kutaja, na msuli umezimika. Kwa hiyo mgonjwa akikuambia, "Nauambia mguu unyooke, haunisikii," mwamini. Amekupa maelezo ya kitaalamu kwa lugha yake. Kazi yetu ya kwanza ni kuondoa uvimbe na kuuamsha msuli, siku za mwanzo kabisa, hata mgonjwa akiwa bado kitandani: kubana paja, kushikilia, kuachia.

Hapa naomba niwaambie wazee wangu neno moja kuhusu kuchua. Najua mikono yenu imesaidia wengi, na mgonjwa huja kwenu kabla hajaja kwetu. Lakini paja au goti lililoumia leo, lenye damu iliyovia ndani, likichuliwa kwa nguvu na kukunjwa kwa lazima, linaweza kuota mfupa ndani ya msuli. Nimepapasa mapaja ya namna hiyo. Yanakuwa magumu kama ubao, na goti likishafungwa hivyo tunahangaika nalo miaka. Mwacheni apumzike siku za mwanzo, kisha tushirikiane.

Msuli ukishaamka, unataka mzigo. Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na nasema "tunapokosea" nikiwa nimo. Tunampa mgonjwa zoezi la kuinua mguu mara kumi asubuhi na kumi jioni, tunamwandikia hilohilo kwa miezi mitatu, halafu tunashangaa.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaelekea mwisho, hospitali ya jeshi ya Gardiner, mjini Chicago, ilijaa askari walioumia mapaja na magoti. Walilazwa miezi na miezi wakifanya mazoezi mepesi, marudio mengi bila uzito wa maana. Daktari kijana, Thomas DeLorme, aliyeugua homa ya baridi yabisi ujanani na kujijenga upya kwa kunyanyua vyuma, aliamua kuwafanyia askari alichojifanyia mwenyewe. Aliwafunga kiatu cha chuma mguuni, akapakia uzito hadi ule ambao mtu anaunyanyua mara kumi tu, na ya kumi na moja haiwezi. Kila wiki akaupima upya na kuuongeza. Alichapisha matokeo mwaka 1945. Baadaye, pamoja na Arthur Watkins, walipunguza wingi wa mizunguko wakabaki na mitatu: nusu ya uzito huo, robo tatu yake, kisha wote. Kila ukumbi wa mazoezi duniani leo unafuata njia iliyopita kwenye magoti ya askari wale.

Maana yake kwetu ni kwamba zoezi ni dawa, na dawa ina dozi. Huwezi kumpa mtu mzima dozi ya mtoto ukalalamika kwamba homa haishuki. Na usiniambie hatuna mashine. Kiatu cha DeLorme kilikuwa chuma cha kufunga mguuni. Sisi tuna ndoo, tuna mchanga, tuna dumu la lita tano linalojulikana uzito wake likijaa maji. Tunachokosa ni daftari la kuandika leo kilo ngapi, wiki ijayo kilo ngapi.

Mgonjwa ataniuliza: na yakiuma? Tunachofundisha, na kimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1990, ni kwamba maumivu yanayovumilika wakati wa zoezi si hatari, mradi yasizidi nusu ya kipimo cha sifuri hadi kumi na yawe yametulia kufikia kesho yake. Yakibaki, au goti likivimba, punguza mzigo. Usiache. Neno "acha kabisa" limelemaza watu wengi katika mkoa huu. Nimemkuta kijana aliyeambiwa baada ya upasuaji "usikanyagie mguu", akalitii agizo hilo kwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyerudi kumwambia sasa kanyaga. Mfupa ulikuwa umeunga zamani. Alikuwa anatembea na magongo ya bure, na paja lake limenywea likawa kama mkono.

Naona vijana wa mpira mmekaa nyuma kule. Nanyi nina neno lenu. Ile ligamenti, yaani kamba inayoshika mifupa ndani ya goti, mnayoiita ACL, ikikatika, jambo la kwanza mnalouliza ni upasuaji unafanyika wapi na ni shilingi ngapi. Familia inauza kiwanja. Nawaombeni msikilize kwanza. Huko Sweden, Richard Frobell na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu vijana 121 waliokatika ligamenti hiyo: kundi moja likapasuliwa mapema kisha likafanya mazoezi, lingine likaanza na mazoezi, na upasuaji ukaachwa kwa atakayeuhitaji baadaye. Walichapisha mwaka 2010. Baada ya miaka miwili makundi hayakutofautiana kwa jinsi wagonjwa walivyoyapima magoti yao, na zaidi ya nusu ya walioanza na mazoezi walikuwa hawajahitaji kisu. Wapo wanaouhitaji, goti linalochomoka kila ukigeuka halidanganyi, na daktari bingwa atakuambia. Ila kuanza na mazoezi si tiba ya maskini. Ni tiba.

Na ukipasuliwa, usiharakishe. Hege Grindem na wenzake huko Oslo na Delaware waliwafuatilia wachezaji 106 waliofanyiwa upasuaji huo. Kila mwezi mchezaji aliosubiri kabla ya kurudi uwanjani, hadi kufikia wa tisa, ulipunguza uwezekano wa kuumia tena kwa asilimia 51. Waliokuwa na paja lenye nguvu sawa na la upande wa pili waliumia tena mara chache kuliko wengine. Miezi tisa! Najua ndondo ya mtaa haisubiri miezi tisa, na kocha anapiga simu mwezi wa nne. Kocha akipiga simu, mwambie fizio amekataa. Nitabeba lawama hiyo kwa moyo mweupe.

Nyonga sitaimaliza leo, lakini sitaiacha. Chuma cha mfupa wa paja huingizwa kutokea nyongani au kutokea gotini, kwa hiyo mgonjwa aliyevunjika katikati ya paja ana viungo viwili vya kurudisha, na sisi huwa tunatazama goti tu. Kikiingia juu kinapita kwenye misuli ya pembeni ya tako. Misuli hiyo ikilegea, mtu akisimama kwa mguu mmoja upande wa pili wa kiuno unashuka. Mjerumani Friedrich Trendelenburg alilieleza hilo mwaka 1895 na mpaka leo kipimo kina jina lake. Ndiyo maana unamwona mtu mfupa umeunga, miguu ni sawa kwa urefu, na bado anachechemea anayumba kama mashua. Zoezi lake ni la kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, na likizoeleka anaongezewa mzigo. Hata maumivu ya mbele ya goti, yale ya kushuka ngazi, mara nyingi hupungua zaidi tukiimarisha nyonga pamoja na goti kuliko goti peke yake.

Narudi kwa mama yetu. Nilimuuliza anataka nini, swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Akasema, "Nataka kukaa chini na kuinuka mwenyewe, watu wakiniona." Basi tukatengeneza ngazi ya kushuka kwa vitu vya nyumbani kwake. Alianza kukaa na kuinuka kitandani, bila mikono. Akaja kwenye kiti cha plastiki. Akaja kwenye kigoda. Halafu kwenye mbuzi ya nazi, na hapo tulikaa wiki tatu, kwa sababu kutoka kigoda hadi mbuzi ya nazi ni safari ndefu kuliko inavyoonekana. Akawa anakuna nazi ya mchana yeye, binti akapumzika. Kisha tofali, kisha mto juu ya mkeka, kisha mkeka mtupu. Kila hatua ilikuwa na idadi na dumu la maji kifuani akishaizoea. Goti halikufika nyuzi 130. Lilifika 115. Lakini alijifunza kukaa mguu ule ameunyoosha mbele, na kuinuka kwa kugeuka, kutanguliza mikono, kupiga goti zima, kisha kusimama. Alinipigia simu usiku mmoja akaniambia ametoka kwenye arobaini ya jirani, alikaa chini mpaka dua ikaisha, na hakuna aliyemshika kwapa.

Mgeni rasmi, nina ombi moja kwako na nitalisema wazi. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa utengemao, yaani huduma za kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya kuugua au kuumia, chini ya kumi kwa kila watu milioni moja. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba utengemao uingizwe katika huduma za afya za kila ngazi. Kila ngazi, mgeni rasmi, maana yake ni hadi kituo cha afya na zahanati. Leo mgonjwa wa milimani Lushoto anashuka hadi mjini kwa ajili ya zoezi la dakika ishirini, analipa nauli kwenda na kurudi, wiki ya tatu haji tena, nasi tunamwandikia "mtoro". Tupeni watu huko waliko wagonjwa. Na kadi za kliniki zitakapochapishwa upya, naomba mstari mmoja tu uongezwe chini ya nyuzi za goti: mgonjwa huyu anataka kurudi kufanya nini. Wino wake haugharimu kitu.

Nimekula dakika za watu. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa, jamani, tusaidiane kusogeza viti ukutani, mikeka ipo pale mlangoni. Tutashuka na kuinuka mara kumi pamoja, kila mtu kwa kimo anachokiweza. Mwenye kiungo bandia cha nyonga asishuke bila daktari wake kumruhusu. Aje hapa mbele, tutafanya naye kwenye kiti.